Kabla ya Kumfunika, Mguse Bega

Siku ya kuniaga mlininunulia toroli, jembe na blanketi, kisha mkakata keki na kunilisha kama bwana harusi. Nashukuru. Jembe bado lina karatasi yake, maana mgongo uliobonyeza vifua vya watu maisha yangu yote ya kazi haujakubali kuinama shambani. Toroli amelichukua mke wangu la kubebea nyasi za ng'ombe. Blanketi ndilo limebaki langu, na ndilo nimejifunika miguu nikiandika haya hapa nyumbani Lanet, kwa sababu Faith, nesi mdogo kuliko wote katika zamu yetu, alininong'oneza huku mdomo umejaa keki: "Daktari, usiende hivyo tu. Tuandikie kitu."

Kwanza nisahihishe hilo. Mimi si daktari, ni nesi. Lakini kwetu mwanamume akivaa koti jeupe na kushika faili anaitwa daktari, hata kama amekuja kutengeneza taa. Mwaka wangu wa kwanza nilimsahihisha kila mtu. Mwaka wa pili nilichoka. Habari za vyeo nitaziruka kwa kuwa ni fupi, na za mshahara nitaziruka nisije nikawavunja moyo mkiwa bado na deni la masomo.

Niliripoti katika chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya mjini nikiwa nimetoka kwetu Molo, viatu vipya vinalia sakafuni, kichwa kimejaa vitabu. Msimamizi alikuwa Sista Tabitha, mwanamke wa Subukia, mfupi kiasi kwamba chini ya kitanda cha wagonjwa mahututi alikuwa ameweka stuli ya mbao aliyotengenezewa na seremala wa Bondeni. Mgonjwa aliyesimama moyo akiletwa, Sista aliivuta ile stuli kwa mguu, akapanda, akaanza kazi. Siku hiyo ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Koech, wewe ni mrefu. Mungu amekuokolea stuli. Tuone kama amekupa na mikono."

Hatukukaa sana kabla ya kujua. Pikapu ilikuja mbio kutoka upande wa Njoro ikiwa na mzee aliyeanguka mahali pa kukusanyia maziwa. Wanawe walikuwa wamemmwagia maji, wakamvua viatu, wakampepea kwa kofia, wakamshikia kichwa njia nzima kwa upendo mwingi. Walifanya yote isipokuwa lile moja, na hakuna aliyewahi kuwafundisha. Sista aliniambia nianze kubonyeza. Niliweka mikono kifuani mwa yule mzee na kubonyeza kwa heshima, kama mtu anayebisha mlango wa mkwe.

"Koech," Sista akasema, "unambonyeza au unampapasa?"

"Naogopa kumvunja mbavu, Sista."

"Mbavu zinaunga. Bonyeza."

Kitu kililia chini ya viganja vyangu, nikaruka nyuma kama niliyegusa moto. Akapanda stuli yake, akaishika mikono yangu, akairudisha pale pale na kuweka yake juu. Tukabonyeza pamoja, yeye akihesabu kwa sauti ya chini, mpaka daktari wa zamu aliposema basi. Mzee hakurudi.

Nilidhani kazi yetu imeisha. Sista aliniambia ninawe mikono, nipanguse jasho, nimfuate. Aliwakalisha wale wana wa mzee kwenye benchi, naye akaketi, kwa sababu aliamini habari kama ile haitolewi na mtu aliyesimama. Alimtaja mzee kwa jina lake. Akasema amefariki, kwa neno hilo hilo, bila kuzunguka. Mkubwa wao akauliza kama wangeendesha kwa kasi zaidi ingesaidia. Sista akamwambia, "Sijui, baba. Mlimleta haraka mlivyoweza." Tulipokuwa tunarudi ndani akaniambia nisiwahi kumdanganya mtu anayeuliza swali kama lile, na nisiwahi kumchoma. Nimejaribu. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba sana, na vitabu vya chuo havikunionyesha.

Baada ya hapo nilijifunza asidi. Mtadhani natania. Bonde hili lote, kutoka Mau hadi Bahati, lina ugonjwa mmoja unaoitwa asidi, na dawa yake ni maziwa baridi. Kifua kikibana ni asidi. Bega likiwa zito ni asidi imepanda. Mtu anatokwa na jasho jembamba asubuhi ya baridi, nguo zinaloa, anasema ni asidi inatoka. Siwacheki, kwa kuwa mara nyingi huwa ni asidi kweli. Shida ni zile siku ambazo si asidi, nazo huvaa nguo zile zile.

Mzee Cheruiyot wa Rongai alishikwa na kifua alfajiri akiwa anakwenda bomani. Alisema ilikuwa kama ng'ombe amemkanyaga na kukataa kuondoka. Akakamua. Akapeleka maziwa barabarani, akangoja lori, akahakikisha yamepimwa. Akarudi, akaoga, akavaa suti, kwa kuwa hakutaka kuja mjini akinuka boma. Ndipo akaja kwetu, akapanga foleni nyuma ya mtoto mwenye kikohozi. Nilimwona kutoka mbali: uso una rangi ya majivu, shati jeupe limegandama mwilini, ngumi ameikunja katikati ya kifua.

"Mzee, unaumwa wapi?"

"Ni asidi tu, daktari. Nimekunywa maziwa lakini imekataa. Shughulikia huyo mtoto kwanza."

"Inakwenda wapi hiyo asidi?"

"Inashuka kwa mkono. Hii ya kushoto. Na hapa kwa taya."

Nilimkalisha kwenye kiti cha magurudumu huku akilalamika kwamba ana miguu. Alikuwa na mshtuko wa moyo, mshipa wa moyo umeziba. Tulimpa aspirini atafune, tukampima, daktari akafanya yake, na mzee akaishi. Kila Krismasi baadaye alituletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, na kila Krismasi nilimuuliza kwa nini alikamua kwanza. Jibu lilikuwa moja: "Ng'ombe anajua mambo ya moyo ya mtu?"

Wanawake walinifundisha zaidi, kwa sababu wao hata kifua hawakukitaja. Mama mmoja muuza mitumba wa Kaptembwo alikuja kung'olewa jino. Taya lilikuwa likimuuma, kichefuchefu kimemshika, na alikuwa amechoka tangu juzi kwa uchovu ambao, alisema, haukufanana na uchovu wake wa kawaida. Daktari wa meno, Mungu ambariki, alitazama meno mazima, akatazama jasho, akamleta kwetu mwenyewe akisukuma kiti. Ulikuwa moyo. Tangu siku hiyo nimewaambia wanafunzi wangu: mama aliyezoea kubeba gunia akikuambia amechoka, mwamini.

Basi nimefika kwa Rael, ambaye ndiye sababu hasa ya kuchukua kalamu.

Mimi ni wa kanisa la kimya, ambako anayeanguka ibadani ni yule aliyesinzia. Kwa hivyo lazima niwaeleze wenzangu wa namna hiyo. Kuna makanisa mengi mitaani ambako watu wakiombewa hushukiwa na nguvu, wakaanguka na kulala sakafuni kwa muda. Mwanamke akianguka hivyo, mhudumu anayesimama karibu humtandikia leso, ile khanga ya kujifunga, kuanzia kiunoni, sketi isije ikamwaibisha. Kisha anaachwa. Hasemeshwi, haguswi, kwa kuwa kumgusa ni kumkatiza. Ni adabu, na ni adabu nzuri. Nimeona wanawake wakianguka sokoni na watu wakiwapiga picha kwa simu. Afadhali leso.

Rael alikuwa fundi wa cherehani mwenye kibanda Rhonda, na kiongozi wa wahudumu katika kanisa moja la mabati la huko huko. Mama yake mzazi alisali hapo. Jumapili moja mama alikuwa ameamka akisema bega ni zito, huenda ni zile ndoo za maji za jana. Alikwenda mbele kuombewa, akaanguka. Rael mwenyewe alimtandikia leso, akainyoosha pindo vizuri, akarudi kusimama mahali pake. Maombi yalikuwa marefu siku hiyo. Wengine waliinuka mmoja mmoja, wakajipangusa vumbi, wakarudi vitini. Mama yake hakuinuka.

Walipomleta kwetu nilibonyeza, na wenzangu wakabonyeza, lakini alikuwa ameshapoa mikononi. Sista Tabitha alikuwa amestaafu na kurudi Subukia, kwa hivyo zamu hii ni mimi niliyenawa na kwenda kuketi kwenye benchi. Nilimwambia kwa jina la mama yake, na kwa neno lenyewe. Rael hakupiga kelele. Alikuwa amevaa utepe wa wahudumu, na alikuwa akiuzungusha kidoleni.

"Ni mimi nilimfunika," akasema.

"Nimesikia."

"Nilikuwa hapo tu, daktari. Hapo tu. Ningemguza, angeamka?"

"Sijui, Rael."

"Niambie ukweli."

"Ndio huo. Kuna mioyo hairudi hata nikiwa mimi mwenyewe nimesimama pale. Sijui wa mama ulikuwa upi."

Aliitika kwa kichwa, lakini niliona jibu halikumtosha. Halikunitosha hata mimi, na nililala nalo siku nyingi.

Baada ya mazishi alirudi. Nilidhani amefuata karatasi fulani. Alisimama mlangoni, futi ya kushonea inaning'inia shingoni, akasema bila salamu, "Ile kitu mlikuwa mnafanyia mamangu kwa kifua. Nifunze."

Hatukuwa na mwanasesere wa mazoezi wa kuazima. Yule wa chuo alikuwa akilindwa kama mtoto wa chifu. Nikajaza gunia maganda ya mahindi, nikalifunga kamba shingoni, nikampelekea kibandani kwake Jumapili alasiri. Rael akalibonyeza mara mbili, likabonyea likabaki hivyo hivyo.

"Daktari," akasema, "huyu ni wa kufa tu."

Akalichukua. Wiki iliyofuata nilikuta ameshona mtu: kiwiliwili cha turubai, ndani sponji ya godoro kuukuu, na chini ya kifua vipande vya tyubu ya gurudumu vilivyokunjwa ili kifua kikibonyezwa kirudi juu chenyewe. Alikuwa pia amemshonea shati lenye vifungo, kwa sababu, alisema, hakuna mtu huanguka akiwa ameshafungua shati. Tulimwita Anko. Nimefundishia wanasesere wa bei kali tangu hapo, na hakuna aliyemfikia Anko kwa uaminifu.

Rael alikuwa mwanafunzi mwepesi. Mikono ya fundi ina nguvu na ina kipimo. Nilimwonyesha mahali, katikati ya kifua, kisigino cha kiganja chini, kiganja cha pili juu, viwiko vimenyooka, uzito utoke mabegani. Bonyeza chini kwa nguvu, kisha kiache kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Kasi tulihangaika nayo mpaka yeye mwenyewe akagundua kwamba ni ile ile ya makofi ya mapambio yao, yale ya kuchangamka, si ya kuabudu. Akawa anaimba kimoyomoyo huku akibonyeza, na hakukosea tena. Pumzi za mdomo nilimfundisha pia, lakini nilimwambia wazi kwamba asiyeweza au anayeogopa asisimame kufikiria, aendelee tu kubonyeza.

Kisha akaniuliza kwa nini tunajifunza wawili peke yetu, wakati wanaosimama karibu na wanaoanguka ni wahudumu wote. Nikaenda kumwona mchungaji wao. Alikuwa Pasta Mwaura, mtu mpole mwenye sauti kubwa, na hakufurahia.

"Daktari, unataka wahudumu wangu wawe wakimpima Roho Mtakatifu?"

"Hapana, Pasta. Wampime aliyeanguka. Roho hana shida ya moyo."

"Lakini mtu akiwa ndani ya maombi, umguze, umwite jina... hiyo ni kumtoa mahali Mungu amempeleka."

Rael alikuwa ameketi pembeni. "Pasta," akasema, "kama ni Mungu amempeleka, mkono kwa bega haiwezi kumrudisha."

Pasta ndiye aliyehubiri kwenye mazishi ya mama yake Rael. Alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akasema, "Anzeni Jumapili. Na mimi mnifunze."

Ndivyo kanuni ilivyokuja kuwa: kabla ya kumfunika, mguse bega, umwite kwa nguvu, umtazame kifua. Akijibu au akipumua vizuri, mfunike, mwache na Mungu wake. Asipojibu na asipopumua, ita wenzako, mmoja atafute gari na simu, wewe piga magoti ubonyeze. Niliwasisitizia jambo moja ambalo hata manesi husahau. Mtu aliyesimama moyo anaweza kuvuta pumzi za kukoroma, moja, kimya, kisha nyingine, kinywa wazi. Watu husema yuko hai, anapumua, au amelala. Huko si kupumua. Ni mwili unaaga, na huo ndio wakati wa kuushika.

Jumapili ya kwanza ya kanuni hiyo nilihudhuria, nikakaa nyuma kwa woga. Mama Wambui, mwanamke mnene mwenye heshima zake, akaanguka. Mhudumu kijana akamgusa bega, akamwita kwa sauti iliyotikisa mabati: "Mama Wambui! Unaniskia?" Mama Wambui akafumbua jicho moja. "Nakuskia," akasema. "Si uniache?" Kanisa zima likacheka, pasta akiwemo, naye Mama Wambui akavuta leso mwenyewe, akajifunika hadi kidevuni, akaendelea. Tangu hapo hakuna aliyebishana nasi. Waliozama katika maombi walijibu kwa ukali, na ukali ni dalili nzuri sana ya moyo.

Lakini Rael hakurudi kwenye safu ya wahudumu. Alifundisha wahudumu wote, alimshonea Anko shati la pili, alijua dalili kuliko wanafunzi wengine niliowapitisha mtihani. Ila tukifanya zoezi tukimlaza mtu chini na leso juu yake, mikono yake ilikataa kuifunua. Angefika, angeinama, kisha angesimama tena na kusema ana kiu. Ibadani alikaa safu ya mwisho kabisa karibu na mlango. Nami kila tulipokutana, mwaka baada ya mwaka, tukishamaliza habari za watoto na bei ya unga, alikuwa akinitazama, nami nilijua swali limepita kati yetu. Wakati mwingine alilitamka. "Bado hujui, daktari?" Namjibu, "Bado, Rael." Anatabasamu, tunaagana.

Yaliyofuata yalitokea miezi yangu ya mwisho kazini, na sehemu ya kanisani nimesimuliwa na walioona.

Mama Naliaka, muuza mboga wa pale Rhonda, alikuwa amemlalamikia bintiye siku kadhaa kuhusu asidi na taya. Amekunywa maziwa, amelala mapema, Jumapili amekwenda kanisani kumwambia Mungu. Alianguka mbele, katikati ya wengine. Mhudumu alimgusa bega, akamwita. Hakujibu, lakini kifua kiliinuka na koo likakoroma. Mhudumu akaona anapumua. Akamfunika.

Kule nyuma karibu na mlango, chini ya kelele zote za maombi, Rael alisikia mkoromo wa pili. Wanasema alisimama akiwa bado ameshika kitabu cha nyimbo, akatembea katikati ya kanisa moja kwa moja, akisukuma viti. Akafika, akapiga magoti, akaifunua leso na kuitupa kando. "Hapumui!" akasema. "Tafuteni gari! Pasta, makofi!"

Pasta Mwaura alielewa. Aliacha kuomba, akainua mikono, akaanzisha pambio la kuchangamka, na kanisa zima likapiga makofi kwa kasi ile, wengi wao wakilia, Rael akibonyeza ndani ya makofi hayo. Akichoka anapokea mwingine, kisha mwingine, kisha yeye tena. Muumini mmoja mwenye pikapu ya kubebea matangi ya maji aliirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni. Hawakuacha kubonyeza hata walipompakia, wala njiani.

Mimi nilikuwa zamu. Nilisikia honi, nikatoka na kitanda cha magurudumu, na nilichokiona nataka mkione nanyi. Nyuma ya pikapu kulikuwa na wanawake wanne wenye tepe za kanisa, magoti yamejaa vumbi, na katikati yao Rael, kilemba kimeanguka, viwiko vimenyooka, anabonyeza. Miaka yangu yote pale nimepokea watu waliopepewa, waliomwagiwa maji, walioombewa, waliokumbatiwa. Mama Naliaka ndiye wa kwanza niliyempokea akiwa na mikono ya watu kifuani. Nilisimama kama mjinga, mpaka Rael akapaza sauti: "Daktari, si upokee!"

Nikapokea. Faith, wewe ulikuwepo, ndiwe uliyebandika zile pedi za mashine ya kushtua moyo. Mashine ikashtua mara moja, tukabonyeza tena, ikashtua mara ya pili, na moyo wa Mama Naliaka ukarudi kazini kama ng'ombe mkaidi anayeingia bomani kwa hiari yake. Nilikwenda nyuma ya pazia na kulia. Mlidhani nimekwenda kutafuta glavu.

Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kisha wodini. Hospitali nzima iliongea. Mimi nilitembea siku zile kama mtu aliyeoa upya, nikimsimulia kila aliyesimama karibu. Ndipo alasiri moja nilipomkuta Rael kwenye benchi la nje ya wodi, mikono mapajani, hajaingia.

Niliketi kando yake.

"Ati ameamka," akasema.

"Ameamka. Anagombana na manesi kwa kunyimwa chumvi. Anasema pia umemvunja mbavu."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Akatazama sakafu.

"Alianguka hapo hapo, daktari. Mahali mamangu alianguka. Akafunikwa vile vile." Alivuta pumzi. "Na ameamka."

Furaha yangu yote ya wiki ile ilikuwa imepita kando ya jambo hili bila kuliona, na sasa lilikuwa limeketi nasi kwenye benchi.

"Kwa hivyo mamangu angeamka," akasema, na safari hii hakuwa anauliza.

Ningeweza kumwambia tena kwamba sijui. Kwa kipimo cha vitabu ingekuwa kweli, kwa kuwa hakuna mioyo miwili inayofanana. Lakini alikuwa amefika mwenyewe, kwa mikono yake, mahali ambapo neno hilo lilikuwa la kunikinga mimi, si yeye.

"Huenda angeamka, Rael," nikasema. "Ndiyo. Huenda."

Alilia. Alilia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu siku ya utepe kidoleni, bila kujificha, bila leso ya kujifutia, na mimi nikamshika mkono ambao kiganja chake bado kilikuwa na malengelenge. Watu waliokuwa wakipita walitupa pole, wakidhani tumefiwa. Hawakukosea. Vijana wangu, mtafundishwa mashine mpya kila mwaka, na ni vizuri, zipendeni. Lakini mtu mliyemwokoa anaweza kumfungulia mtu mwingine kidonda pale pale mlangoni, na hapo pia ni kazini. Ketini.

Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa sweta, akauliza kama saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Nikamwambia kwake haijaisha. Tukaingia.

Mama Naliaka alikuwa ameegemezwa mito miwili. Binti yake Sharon alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji, anachota, anapuliza, anamlisha. Alipomwona Rael aliruka juu, nusura uji umwagike. "Anti Rael! Keti hapa. Keti karibu na yeye."

"Hapana, wewe endelea," Rael akasema. "Mlishe polepole. Mimi nataka tu kuona."

Akasimama kando ya dirisha, akimtazama mtoto akimlisha mama yake, kijiko baada ya kijiko, mpaka uji ukaisha.